Akili Bandia na Huduma ya Neno: Faida na Hatari za Mashine Zitungazo

1. Utangulizi

Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani iliifungua kwa watu wote programu yake iitwayo ChatGPT. Tangu siku hiyo kazi nyingi zilizodhaniwa kuwa za mwanadamu peke yake zimeanza kutendwa na mashine. Mtu huiandikia programu agizo kwa lugha ya kawaida, nayo humjibu kwa insha, barua, shairi au hotuba. Katika mwaka huo huo wa 2022 programu za Midjourney na Stable Diffusion zilikuwa zimekwisha kuwawezesha watu kupata picha kwa kueleza tu kile wanachotaka kukiona. Baadaye zikatokea Suno na Udio, ambazo hutunga wimbo mzima, maneno, ala na sauti ya mwimbaji, katika muda usiotosha hata kuipanga kwaya.

Jambo hili limekwisha kuvuka kizingiti cha kanisa. Tarehe 9 Juni 2023, wakati wa Siku za Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, watu zaidi ya 300 walikusanyika katika Kanisa la Mtakatifu Paulo mjini Fürth, Bavaria, kushiriki ibada iliyotungwa karibu yote na ChatGPT. Mtayarishaji wake alikuwa mwanatheolojia Jonas Simmerlein wa Chuo Kikuu cha Vienna. Sala, mahubiri na baraka vilitamkwa na sura za watu zisizo watu, zilizoonekana juu ya kioo mahali ambapo mchungaji husimama. Ibada ilichukua muda wa dakika 40 hivi. Baadhi ya waliohudhuria walistaajabu. Wengine walisema kwamba hawakusikia moyo wala roho ndani yake.

Kwa hiyo swali lililo mbele yetu si kama zana hizi zitatufikia, maana zimekwisha kufika, na zimo katika simu za wanafunzi wetu na za wachungaji wetu. Swali ni hili: mtumishi wa Neno azitumie katika nini, na azikatae wapi? Katika makala haya tutaeleza kwanza jinsi zana hizi zinavyofanya kazi. Kisha tutapima faida zake na hasara zake. Halafu tutazilinganisha na jambo lililopata kutokea katika historia yetu wenyewe ya Kilutheri. Na mwisho tutatoa mashauri machache.

2. Mashine hizi hutungaje?

Yafaa tuanze na jina. Wataalamu wa Kiswahili wamependekeza majina kadhaa: wengine husema akili mnemba, wengine akili unde, yaani akili iliyoundwa, na wengine akili bandia. Sisi tutatumia hili la mwisho, kwa sababu linafundisha jambo. Bandia ni mwanasesere ambaye watoto humbeba mgongoni. Ana macho, ana mikono, na mtoto anaweza kuzungumza naye mchana kutwa. Lakini hana pumzi. Tukilikumbuka hilo hatutaidharau mashine wala kuiogopa kupita kiasi.

Programu za kutunga maneno zimejengwa kwa kupitishiwa maandishi mengi mno, ambayo mtu mmoja hawezi kuyasoma hata akiishi mara elfu. Katika maandishi hayo programu hujifunza ni neno lipi huelekea kufuata lipi. Ikiulizwa jambo, hupima ni neno gani lingestahili kufuata, hulitoa, kisha hupima tena lifuatalo, na kuendelea hivyo mpaka mwisho wa jibu. Programu za picha nazo zimejifunza kutoka katika mamilioni ya picha zilizofungamanishwa na maelezo yake, na hutoa picha mpya kwa kufuata mifano hiyo.

Maelezo haya ni mafupi, lakini yanatosha kutuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mashine hutoa kile kinachoelekea kusemwa, wala haina shahidi wa ndani wa kuiambia kama kinachosemwa ni kweli. La pili ni kwamba mashine hutoa kile kilichosemwa na wengi. Ikiwa wengi wamesema vizuri, itasema vizuri. Ikiwa wengi wamepotoka, itapotoka nao kwa sauti ile ile ya upole na uhakika.

Mfano wa jambo la kwanza unajulikana sana. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York, katika kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, walipeleka mahakamani maandishi yenye kutaja hukumu za kesi ambazo hazikuwako kamwe. ChatGPT ilikuwa imezibuni, pamoja na majina yake na maneno ya majaji. Mwezi Juni wa mwaka huo mahakama iliwatoza, pamoja na ofisi yao, faini ya dola 5,000. Mwanafunzi wa theolojia anayeiagiza mashine imwandikie tanbihi za insha yake yumo katika hatari ile ile. Ataletewa kitabu kizuri cha mwandishi anayejulikana, chenye mwaka na ukurasa, ambacho mwandishi huyo hakukiandika.

3. Faida zake

Si haki kuyapima mambo haya kwa kutazama upande mmoja tu. Zipo faida za kweli, nazo tutazitaja kwa shukrani.

Faida ya kwanza ni msaada katika kusoma. Theolojia yetu imehifadhiwa kwa sehemu kubwa katika Kijerumani, Kilatini na Kiingereza. Mwanafunzi aliyelelewa katika Kiswahili na lugha ya nyumbani hutumia nguvu nyingi kuvunja ganda la lugha kabla hajafikia kiini cha hoja. Programu hizi zaweza kumfafanulia fungu gumu la Kiingereza, kumtolea tafsiri ya kwanza ya aya ya Kijerumani, au kumwonyesha umbo la kitenzi cha Kiyunani na kumsaidia kukikariri. Chuo kisicho na vitabu vya kutosha kinaweza kupata hapa msaidizi wa mwalimu, ilimradi mwalimu mwenyewe yupo.

Faida ya pili ni kupunguza mzigo wa kazi za ofisi. Kila mtu aijuaye Kanisa letu anajua kwamba mchungaji mmoja huangalia usharika wenye mitaa kadhaa, na kwamba mitaa mingi huongozwa na mwinjilisti. Barua za mwaliko, ratiba ya semina, muhtasari wa kikao cha baraza la wazee, mpango wa mafundisho ya kipaimara: haya yote hula saa ambazo zingetumika kumtembelea mgonjwa. Mashine ikiandaa rasimu ya barua, na mchungaji akaisahihisha na kwenda hospitalini, hatuoni kosa katika hilo.

Faida ya tatu ni picha na sauti. Mwalimu wa shule ya Jumapili asiyejua kuchora anaweza kupata picha ya Zakayo juu ya mkuyu kwa ajili ya watoto wake. Asiyeona anaweza kusomewa kitabu na sauti ya mashine. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ilitangaza mradi wa kuifundisha mashine kusikia na kutamka lugha zaidi ya 1,100, nyingi zikiwa lugha ambazo hazikuwa zimepata kuangaliwa na wataalamu wa kompyuta. Watafiti wake walizipata lugha hizo kwa njia inayotuhusu sisi: walitumia kanda za Agano Jipya lililosomwa kwa sauti. Wasomaji waliokaa mbele ya kinasa sauti ili ndugu zao wasiojua kusoma walisikie Neno, ndio waliozifundisha mashine lugha hizo. Jambo hilo linastahili kutafakariwa.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31 na ya 35, tunasoma habari za Bezaleli, aliyejazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi za ustadi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mti. Ufundi, kwa hiyo, si jambo la kidunia lisilo na thamani machoni pa Mungu. Waliounda mashine hizi nao wametumia akili waliyopewa, na Mkristo hatakiwi kuchukia kila kitu kipya kwa sababu tu ni kipya. Lakini sura ya 32 ya kitabu hicho hicho inaeleza habari za ndama, na dhahabu aliyofanyiwa ilitoka katika masikio ya watu wale wale waliokuja kutoa vitu vyao kwa ajili ya hema.

4. Hasara zake

4.1 Kuhusu ukweli

Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Tumekwisha kuona kwamba mashine hubuni. Kuna uongo wa pili ulio karibu zaidi na mimbari. Mahubiri yaliyotungwa na mashine aghalabu huwa na kisa cha mjane fulani aliyesali, au cha mzee wa kijiji fulani aliyesamehe. Mjane huyo hakuwako, wala mzee huyo. Mhubiri akikisimulia kisa hicho kana kwamba kilitokea, anawashuhudia uongo washarika wake mahali pale pale anapowaambia kwamba Kristo amefufuka kweli. Siku watakapogundua kwamba mjane alibuniwa, watamwaminije kuhusu kaburi lililo wazi?

4.2 Kuhusu lugha na mafundisho

Maandishi ya Kiswahili yaliyomo katika intaneti ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza. Kwa sababu hiyo Kiswahili cha mashine mara nyingi huwa Kiingereza kilichovikwa kanzu. Maneno ni yetu, lakini mwendo wa sentensi ni wa kigeni. Tena lugha yetu haitofautishi mwanamume na mwanamke katika neno yeye. Lakini mashine za kutafsiri zimeonekana mara nyingi zikimfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke pindi zinapoingia katika Kiingereza. Katika Kanisa lenye wachungaji wanawake, kosa la namna hiyo si dogo.

Lipo jambo jingine ambalo wachungaji wachache wanalijua. Kwa miaka kadhaa watafiti waliotaka kuzifundisha mashine kutafsiri lugha za Kiafrika walitegemea hasa maandishi ya dini, kwa kuwa ndiyo yaliyopatikana yakiwa yametafsiriwa katika lugha nyingi. Mkusanyo mmoja uliotolewa mwaka 2019 kwa jina la JW300 ulikuwa na lugha zaidi ya 300, na ulitokana na magazeti na vitabu vya Mashahidi wa Yehova. Ulitumiwa sana katika utafiti wa lugha za Afrika, mpaka ulipoondolewa kwa ajili ya suala la hakimiliki. Hatusemi kwamba kila programu ya leo imejengwa juu ya mkusanyo huo, wala hatuwalaumu watafiti waliotumia walichokipata. Tunachosema ni kwamba lugha ya dini iliyomo ndani ya mashine ina wazazi wengi, na wazazi hao hawakukubaliana juu ya Utatu, wala juu ya ubatizo, wala juu ya Meza ya Bwana.

Mwanafunzi akiiuliza mashine maana ya ubatizo, ataweza kupewa jibu lililochanganya Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 na mafundisho ya wale wanaokataa ubatizo wa watoto, yakiwa yamesukwa pamoja kwa ustadi hata mshono usionekane. Akiomba mahubiri juu ya sadaka, si ajabu akapewa injili ya mafanikio iliyopakwa rangi ya Kilutheri. Msomaji aliyekomaa ataugundua mshono huo. Ambaye hajakomaa hatauona, na huyo ndiye atakayevutwa zaidi kuitumia mashine.

4.3 Kuhusu jasho la wengine

Amri ya Saba yatukataza kuiba, na katika Katekisimo Kubwa Luther alilipanua neno hilo hata likagusa sokoni na kazini. Mashine hizi zimelishwa vitabu, picha na nyimbo za watu ambao wengi wao hawakuombwa ruhusa. Mwezi Desemba 2023 gazeti la New York Times liliwashtaki OpenAI na Microsoft kwa sababu hiyo. Mwezi Juni 2024 makampuni makubwa ya muziki yaliwashtaki Suno na Udio. Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi ambao vitabu vyao vilikuwa vimechukuliwa kutoka katika maktaba za wizi zilizomo katika intaneti.

Jasho jingine lilimwagika karibu na kwetu. Mwezi Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza kwamba wafanyakazi wa Kenya walikuwa wamelipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi ya ukatili na ya unajisi, kusudi ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Wengine walieleza kwamba kazi hiyo iliwajeruhi nafsi. Jibu safi tunalolipata katika simu zetu limesafishwa na macho ya vijana wa Nairobi. Anayelitumia asijifanye hajui.

4.4 Kuhusu kipawa cha Kanisa

Mtu akiiomba mashine picha ya Yesu bila maelezo zaidi, yaelekea ataletewa uso tuliouzoea katika kalenda za zamani, wenye nywele ndefu za rangi ya kahawia na ngozi nyeupe, kwa maana picha za namna hiyo ndizo zilizo nyingi. Wengi wameshinda tena. Na wimbo nao ni hivyo hivyo. Howard S. Olson, aliyefundisha Makumira, alifanya kazi ya kukusanya tenzi zenye sauti za Kiafrika, ambazo nyingine zimevuka bahari na kuimbwa katika makanisa ya Ulaya na Marekani. Tenzi hizo zilipatikana kwa sababu palikuwako watu vijijini waliokuwa na sauti hizo vifuani mwao. Je, mwalimu wa kwaya wa leo akiuacha wimbo wake na kuiachia mashine imtungie, atakayekuja baada ya miaka 50 atakusanya nini?

5. Luther, mtambo wa kupiga chapa na mahubiri ya kuazima

Kanisa letu si geni katika mambo ya namna hii. Johannes Gutenberg alipiga chapa Biblia yake mjini Mainz kufikia mwaka 1455 hivi. Katika miaka hiyo hiyo mtambo wake ulipiga chapa pia hati za msamaha zilizouzwa kwa watu. Mitambo ya namna hiyo ndiyo iliyozieneza Hoja 95 mwaka 1517, na ndiyo iliyotoa Agano Jipya la Kijerumani mwezi Septemba 1522. Chombo kilikuwa kimoja. Hati ya msamaha na Injili zilitoka humo. Hilo latufundisha kutokiabudu chombo na kutokilaani.

Lakini mfano ulio karibu zaidi nasi ni ule wa postila, yaani mkusanyo wa mahubiri ya mwaka wa Kanisa. Luther alijua kwamba wachungaji wengi wa wakati wake hawakuweza kuhubiri. Kwa hiyo aliwaandikia mahubiri ya kuazima, na katika utaratibu wake wa Misa ya Kijerumani wa mwaka 1526 alishauri kwamba mahubiri ya siku yasomwe kutoka katika kitabu, yote au sehemu, ili kuwasaidia wasioweza na pia kuzuia watu wasiingize mafundisho yao wenyewe. Mtu asiseme basi kwamba kusoma mahubiri ya mwingine ni dhambi kwa Mlutheri. Baba yetu mwenyewe aliliruhusu.

Hata hivyo, katika dibaji ya mwaka 1530 ya Katekisimo Kubwa, Luther huyo huyo aliwakemea kwa ukali wachungaji waliokuwa wamepata vitabu vizuri na wakaacha kusoma, kuomba na kujifunza. Huko alikitaja kitabu kimoja cha mahubiri cha karne iliyotangulia kilichoitwa kwa Kilatini Dormi secure, maana yake, Lala salama. Jina lilikuwa la haki: mhubiri aliyekuwa nacho aliweza kulala Jumamosi usiku bila wasiwasi. Mashine ya leo ni Lala salama iliyo kubwa kuliko zote zilizopata kuandikwa.

Hapa yatupasa kupambanua. Postila ya Luther ilikuwa na mwandishi aliyejulikana, aliyeungama imani yake mbele ya wafalme na aliyeweza kuulizwa habari zake. Ilisomwa kutoka katika kitabu, na washarika walijua kwamba wanasomewa kitabu. Mahubiri ya mashine hayana mwandishi wa kuulizwa, hayana ungamo, na mara nyingi huletwa mbele ya watu kwa siri, kana kwamba ni matunda ya chumba cha mchungaji. Kuazima kwa uwazi kutoka kwa mwalimu wa Kanisa ni jambo moja. Kujificha nyuma ya sauti isiyo ya mtu ni jambo jingine.

Tena mwaka 1525 sehemu ya postila hiyo iliibwa ikiwa haijamalizika kupigwa chapa Wittenberg, nayo ikapigwa chapa kwingine. Luther, ambaye hakupokea malipo kwa vitabu vyake, aliwaandikia wapiga chapa akilalamika, na kilichomuumiza hasa ni kwamba maneno yalitoka yameharibika hata asiweze kuyatambua kuwa yake. Malalamiko ya waandishi wa leo, basi, yana mzee wao.

6. Sala, tafakuri na majaribu

Mwaka 1539, katika dibaji ya maandishi yake ya Kijerumani, Luther alitaja mambo matatu yanayomfanya mtu kuwa mwanatheolojia: sala, tafakuri na majaribu. Tuipime mashine kwa mizani hiyo.

Sala, mashine haiwezi. Yaweza kupanga maneno ya sala, tena mazuri, lakini haina wa kumwita Baba. Tafakuri, yaweza kusaidia sehemu ya nje tu: kutafuta mahali neno linapotokea, kulinganisha tafsiri, kukumbusha historia. Lakini tafakuri aliyoisema Luther ni kulirudia Neno kwa kinywa na moyo mpaka limkatae msomaji na kumpokea tena. Na anayetumwa kutafakari badala yako hakuletei tunda lake. Majaribu, mashine haiyajui kabisa. Haijawahi kuzika mtoto wa mtu. Haijawahi kusimama mbele ya washarika waliogawanyika kwa ajili ya shamba. Haiogopi kifo, wala haitahukumiwa.

Hili la mwisho si dogo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 14, linasema kwamba mtu asifundishe hadharani wala kutoa sakramenti asipoitwa kwa utaratibu. Wito ni wa mtu. Mtu aweza kuwajibika; aweza kutubu; aweza kuondolewa. Mwezi Aprili 2024 shirika moja la Wakatoliki wa Marekani, Catholic Answers, lilitoa programu yenye sura ya padri aliyeitwa Justin, ya kujibu maswali ya imani. Watu walipoona kwamba programu hiyo inajinena kuwa padri wa kweli, hata katika habari za maungamo, kelele zilitokea, na baada ya siku chache tu ilivuliwa upadri na kuvikwa nguo za mlei. Ndugu zetu hao walitambua upesi kwamba ondoleo la dhambi halitolewi na kitu ambacho chenyewe hakijapata kusamehewa.

Labda mtu atauliza: je, Mungu hawezi kutumia hata mashine, kama alivyomtumia punda wa Balaamu? Aweza. Lakini hatujasikia kwamba Israeli walimjengea punda yule mimbari. Kanisa huenda kwa ahadi, na ahadi imefungwa kwa Neno linalohubiriwa na sakramenti zinazotolewa katikati ya watu na watu walioitwa.

7. Mashauri

Kutokana na yaliyosemwa tunatoa mashauri haya, ambayo mabaraza na vyuo vyaweza kuyaongeza au kuyapunguza.

Kwanza, utaratibu ufuatwe. Mhubiri alisome somo lake, aliombee, aliandikie maswali na mawazo yake kwa mkono wake mwenyewe kwanza. Baada ya hapo, akitaka, aiulize mashine kama ambavyo angefungua kitabu cha ufafanuzi. Anayeanza na mashine hataisikia tena sauti ya somo lenyewe.

Pili, kila jina, mwaka na tanbihi viyakinishwe katika kitabu chenyewe. Kisichoyakinishwa kifutwe.

Tatu, kisa kilichobuniwa kisisimuliwe kama kilichotokea. Mfano uitwe mfano.

Nne, kilichoazimwa kitajwe. Mwanafunzi aeleze katika insha yake alitumia zana gani na kwa kazi gani. Mwinjilisti aliyezidiwa na kazi, ambaye hana budi kusoma mahubiri yasiyo yake, asome yale ya Kanisa lake, kwa uwazi, wala hatatahayari. Na uongozi wa Kanisa usimwachie peke yake. Umpe mkusanyo mzuri wa mahubiri kwa Kiswahili. Ambapo Kanisa halitoi postila, mashine itatoa.

Tano, siri za roho zisiingizwe katika programu. Maneno hayo huenda kwenye kompyuta za makampuni ya mbali. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini kabla ya sheria hizo mchungaji alikwisha kufungwa na kiapo chake cha kutunza siri ya ungamo.

Sita, walimu wabadilishe namna ya kutahini. Insha iliyoandikwa nyumbani haitoshi tena kuonyesha kwamba mwanafunzi anajua. Aulizwe kwa mdomo, ahubiri mbele ya wenzake, afafanue fungu la Maandiko akiwa na Biblia tu.

Saba, walimu wa kwaya na wachoraji wa sharika watiwe moyo na walipwe. Haifai usharika uwe na fedha za kununulia vyombo na usiwe na fedha za mtunzi wake.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba zana hizi zaweza kumsaidia mtumishi katika kusoma, katika kazi za ofisi, katika picha na sauti. Tumeona pia kwamba hubuni, huchanganya mafundisho, huchuma mahali ambapo wengine walipanda, na zaweza kufanya kipawa cha Kanisa kilale. Mizani yetu haikuegemea upande mmoja katika kila jambo. Katika barua na ratiba mashine ni mtumishi mzuri, katika utafiti ni msaidizi wa kuangaliwa, na katika mahubiri, ungamo na uangalizi wa roho haina mahali pa kusimama kwa niaba yetu.

Luther alipokuwa akitafsiri Biblia, aliwaeleza waliomshambulia, katika barua yake ya mwaka 1530 juu ya kutafsiri, kwamba Kijerumani chake alikwenda kukitafuta kwa mama nyumbani, kwa watoto njiani na kwa watu wa sokoni. Soko hilo lipo hata leo. Washarika wetu wana maneno yao ya njaa, ya mavuno, ya kesi za mirathi na ya matanga, ambayo mengi hayajaandikwa popote na kwa hiyo hakuna mashine iliyoyasoma. Mchungaji anayakuta akienda kwao kwa miguu yake. Na mgonjwa aliyetembelewa Ijumaa, anapoketi Jumapili na kusikia mahubiri, hupambanua bila kufundishwa na mtu kama anayesema naye ndiye aliyeketi kando ya kitanda chake.